Unataka kununua boti ya uvuvi? Muone mkaguzi kabla hujamlipa muuzaji

Malalamiko ya wavuvi kuhusu boti walizonunua yanafanana. Mtu amekusanya akiba, au kikundi kimepata mkopo, fedha zimelipwa, boti imeletwa kukaguliwa, na mkaguzi amekataa kuipitisha. Hapo ofisi inaonekana ina roho mbaya. Lakini kasoro nyingi zinazotufanya sisi wakaguzi tuizuie boti zilikuwepo siku ya mauziano, zikionekana kwa yeyote ambaye angepima badala ya kutazama rangi. Makala hii inamlenga mvuvi wa pwani ya Tanzania Bara, kuanzia Moa hadi Msimbati, mwenye uwezo wa kati. Ametoka kwenye ngalawa au dau la tanga, na sasa anataka boti ya wazi ya mita 6 hadi 8 yenye injini ya kufunga nyuma. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake, na bahari kuu nayo ina utaratibu wake mwingine.

Swali la kwanza ni unavua nini na kwa zana gani. Mtu wa mshipi na mtu wa jarife (wavu wa kutega) hawahitaji boti moja. Wa mshipi anahitaji boti nyepesi, nyembamba kiasi, inayotulia ikitia nanga. Wa jarife anahitaji upana wa nyuma wa kulaza nyavu na ukingo usio juu sana, la sivyo vijana wanavunjika migongo wakati wa kuvuta. Wa madema (mitego) anataka sakafu pana iliyo tambarare. Mtando (wavu wa kuzungushia) wa dagaa na vibua unataka chombo kikubwa kuliko tunachozungumzia hapa, na kulazimisha mtando kwenye boti ya mita 7 ni kutafuta msiba. Fundi akikwambia boti yake inafaa kwa uvuvi wote, mshukuru uende kwa mwingine.

Uzito kwanza, uzuri baadaye

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Chukua boti ya mita 7 yenye watu watano. Kwa wastani wa kilo 75 kila mmoja, hao ni kilo 375. Ukitarajia samaki kilo 200 chukua barafu kilo 200, kwa sababu katika joto letu kilo ya samaki inataka kilo ya barafu ili afike sokoni akiwa na bei. Nyavu zilizolowa, kilo 150. Petroli lita 60 ni kama kilo 45. Injini ya farasi 15, kilo 40 hivi. Nanga, kamba, maji ya kunywa, chakula na sanduku la barafu lenyewe, weka kilo 90. Jumla ni kilo 900, na bado hujavua samaki hata mmoja.

Sasa mwambie muuzaji ashushe boti majini na apakie viroba 18 vya mchanga vya kilo 50. Hapana, si usumbufu. Wewe ndiye unayetoa fedha. Pima kwa futi kamba kutoka usawa wa maji hadi ukingo, pale katikati ya boti. Kwa boti ya wazi ya urefu huo usikubali chini ya sentimita 40. Kisha watu watatu wahamie upande mmoja, kama wafanyavyo wakivuta nyavu, upime tena upande ulioinama. Ukiona ukingo unakaribia kulamba maji kwenye maji tulivu ya asubuhi, jiulize itakuwaje mwezi wa saba kusi ikiwa imekaza. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, boti ya aina hii haina shughuli nje ya mwamba, hata kama nahodha ni hodari kiasi gani.

Mbao au faiba

Mbao bado zina nafasi yake. Fundi yuko jirani, matengenezo ni ya bei nafuu, na boti ya mbao ikijaa maji haizami moja kwa moja. Shida ni ubora wa mbao zenyewe. Mvule na mninga vimepanda bei, hivyo mafundi wengi wanatumia mwembe na mikaratusi, mara nyingi kabla mbao hazijakauka. Mbao mbichi zikikauka zinasinyaa, maungio yanafunguka, kalafati (pamba ya kuzibia maungio) inatoka, na wewe unakaa unafua maji usiku kucha. Chukua msumari mwembamba au bisibisi, udunge kila mahali mbao zinapokutana na mkuku (uti wa chini wa boti), kuzunguka fashini (kigogo cha mbele na nyuma mbao zinapoishia), na chini ya mataruma (mbavu) ndani ya ngama, yaani chini kabisa maji yanapokusanyika. Panapoingia kwa urahisi pameoza, au pameliwa na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao kwa ndani huku uso ukibaki mzima. Michirizi ya kutu kwenye rangi ina maana misumari si ya mabati ya kuchovya, na misumari hiyo haitadumu. Kama boti ni mpya, fundi akuoneshe pia hati za mbao kutoka Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao zisizo na hati zinaweza kukamatwa zikiwa tayari ni boti yako.

Faiba ni ghali kununua na nafuu kutunza. Gonga mwili wote kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua, kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Sauti ikiwa kavu na inayolingana, tabaka zimeshikana. Ikibadilika ikawa nzito kama unagonga gunia, tabaka zimeachana au maji yameingia katikati. Gonga kwa makini zaidi ule ubao wa nyuma unaobeba injini. Ndani yake kuna plaiwudi, na maji yakipenya kwenye matundu ya bolti plaiwudi inaoza bila mtu kuona. Simama nyuma, shika injini, itikise juu na chini. Ubao ukipinda au ukitoa maji kwenye bolti, hiyo ni kazi ya kukata na kujenga upya, na bei lazima ishuke au uondoke.

Kuna dhana moja inayotuchosha, kwamba faiba haizami. Faiba ni nzito kuliko maji. Boti ya faiba isiyo na fomu (povu gumu linaloelea) ndani ikijaa maji inakwenda chini pamoja na injini na kila kitu. Mwili wa faiba wa kilo 600, ukiwa wote chini ya maji, bado unavuta kwa uzito wa kilo kama 200. Ongeza injini na watu watano walioning'inia ukingoni, utaona kwa nini tunataka fomu isiyopungua nusu mita ya ujazo. Nusu hiyo hubeba karibu kilo 480. Iwe imegawanywa pande zote mbili, juu karibu na ukingo, na nyuma kwenye injini. Fomu ikijazwa yote chini ya sakafu, boti iliyojaa maji hupinduka. Na iwe fomu isiyonyonya maji, si ile nyeupe ya kufungia televisheni, maana petroli ikimwagika inaiyeyusha. Omba kifuniko kimoja kifunguliwe uone kilichomo. Kuna maboksi yaliyofungwa vizuri kabisa ambayo ndani yana hewa na chupa za maji.

Injini

Injini kubwa haikupi mwendo unaoudhania. Boti nzito ya mita 7 yenye umbo la dau haitapita sana kilomita 11 au 12 kwa saa, na farasi 15 zinatosha kuifikisha hapo. Ukiifunga farasi 40, tezi inazama, omo inanyanyuka, na mafuta yanakwisha. Kwa makadirio, injini ya mizunguko miwili ikifunguliwa yote humeza lita 4 kwa saa kwa kila farasi 10. Safari ya saa mbili kwenda na mbili kurudi ni lita 24 kwa farasi 15, na lita 64 kwa farasi 40. Theluthi ya mafuta ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Kwa hiyo farasi 15 inaondoka na lita 36. Farasi 40 ina maana kwenye boti nyepesi yenye tumbo tambarare nyuma, inayoweza kupanda juu ya maji.

Pima urefu wa ubao wa nyuma kabla ya kununua injini. Mguu mfupi wa injini ni wa ubao wa sentimita 38, mrefu ni wa 51. Bamba lililo juu ya pangaboi linapaswa kuwa sawa na chini ya boti au sentimita 2 au 3 chini yake. Mguu mfupi kwenye ubao mrefu unavuta hewa, injini inanguruma bila kusukuma na inachemka. Mguu mrefu kwenye ubao mfupi unagonga mwamba maji yakitoka.

Kwa injini iliyotumika, fungua skrubu ya mafuta ya gia. Yakiwa meupe kama maziwa, sili imekwisha na maji yameingia. Washa, uone maji ya kupozea yakichirizika kwa nguvu, na omba fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15, acha. Soma namba kwenye kibati cha mkono wa kufungia. Kibati kilichong'olewa au namba iliyosuguliwa ni dalili ya injini ya wizi, na atakayekutwa nayo ndiye atakayeulizwa. Ya dukani itoke na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) yenye namba hiyo. Injini mpya ya mizunguko miwili kwa kawaida huanza kwa mchanganyiko mzito, mara nyingi petroli lita 25 kwa oili lita 1 katika saa 10 za kwanza, kisha 50 kwa 1. Kitabu chake ndicho chenye kauli ya mwisho. Kila jioni izungushie maji baridi (yasiyo na chumvi) dakika 10 kutoa chumvi, na impela ya pampu ibadilishwe kila mwaka.

Katika bajeti yako tenga angalau robo kwa vifaa vingine, mbali na boti na injini. Humo mnaingia jaketi okozi kwa kila mtu, dira, tochi isiyoingia maji, filimbi, kizima moto, makasia, ndoo, nanga yenye kamba ndefu, na redio ya upepo yenye chaneli 16 kama unavuka mwamba. Jaketi linalokutwa kwenye nailoni chini ya omo halihesabiki kwetu. Tunajua mnayaazima siku ya ukaguzi.

Karatasi

Usajili si leseni, na leseni si cheti cha ukaguzi. Ni vitu vitatu. Chombo kinasajiliwa mara moja tu chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za 2009 pamoja na marekebisho yake, na kinapewa namba inayoandikwa omo pande zote mbili kwa rangi inayosomeka. Leseni ya uvuvi huhuishwa kila mwaka, na kwa vyombo vidogo hutolewa na halmashauri. Mvuvi naye ana leseni yake binafsi, mbali na ya chombo. Ukaguzi wa usalama ni wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kuwa na kimoja hakufuti vingine, hata kama jirani yako amevua miaka mingi na karatasi moja.

Kwa boti iliyotumika, anza na uongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni) wa pale boti inapoegeshwa. Wanajua mmiliki halisi, kesi zake na madeni yake. Linganisha namba ya omo na iliyo kwenye cheti, na jina la cheti na kitambulisho cha anayeuza. Boti iliyotolewa kwa mkopo, ikiwemo ile isiyo na riba kupitia TADB (Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania), ni dhamana mpaka deni liishe. Ukiinunua kienyeji umenunua ugomvi. Andikeni mkataba wenye namba ya chombo, namba ya injini, bei na tarehe, ushuhudiwe na BMU na serikali ya kijiji au mtaa, kisha nyote wawili mfike ofisi ya uvuvi ya wilaya kuhamisha umiliki. Malipo ya serikali yote hupitia kontroo namba. Anayetaka taslimu mkononi, hata akivaa sare, usimpe. Mpaka uhamisho ukamilike, boti ikikamatwa na nyavu haramu za makila tunamtafuta aliyeandikwa kwenye cheti.

Kuhusu adhabu, utaratibu ni huu. Chombo kisicho na usajili au leseni huzuiwa, mkaguzi anaandika hati ya ukamataji inayoorodhesha chombo, injini na zana, na nakala unapewa. Idai nakala hiyo na uisome kabla ya kusaini. Ukikiri kosa kwa maandishi, kosa linaweza kufifilishwa kwa faini bila kwenda mahakamani, na risiti ndiyo inayokutoa. Usipokiri, jalada linaenda mahakamani, na mahakama ina uwezo wa kuamuru chombo na zana vitaifishwe. Kusema hukujua hakupunguzi kitu. Kurudi na kosa lile lile kunaongeza.

Siku ya ukaguzi, boti iwe imepandishwa ufukweni maji yametoka, ngama kavu, injini imefungwa mahali pake, vifaa vya usalama vimepangwa sakafuni vihesabike, na nahodha awepo. Msipake rangi wiki hiyo. Rangi mbichi inaziba maungio tunayotaka kuyaona, na mkaguzi atalazimika kuikwangua.