Maji ya Mgodi wa Zamani wa Urani: Maswali Mnayouliza Sana

Tangu mradi wa urani wa Mto Mkuju kule Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, Tanzania, uanze kuongelewa, watu wananiuliza sana kuhusu maji. Nimeona nijibu kwa mfano wa mgodi ambao ulishafungwa na maji yake yanasafishwa mpaka leo, Königstein, jimbo la Saxony, Ujerumani.

Mgodi si umefungwa, sasa maji yanachafuliwa na nini?

Mgodi ukiwa unafanya kazi pampu zinavuta maji usiku na mchana ili watu wachimbe pakavu, sasa siku pampu zikizimwa maji yanapanda tena, yanapita kwenye miamba iliyopasuliwa na kuingiwa na hewa, yanabeba urani, radiamu (metali nyingine yenye mionzi), chuma, zinki, kila kitu. Königstein ni mbaya zaidi manake kuanzia 1984 walikuwa hawatoi mawe tena, walikuwa wanamwaga asidi ya salfuriki kwenye mwamba huko huko chini halafu wanaivuta ikiwa imeyeyusha urani. Kazi ilisimama 1990, lakini asidi ilibaki ndani ya lile jiwe la mchanga, na juu yake kuna tabaka lingine la maji ambalo watu wanalitegemea kwa kunywa.

Nikichemsha si yanakuwa salama?

Hapana, na hili naomba mumwambie kila mama mwenye mtoto. Kuchemsha kunaua vijidudu, urani sio kijidudu, ni metali. Chukua sufuria ya lita 2 yenye maikrogramu 30 za urani kwa kila lita, ambacho ndo kiwango cha mwisho anachopendekeza WHO, ichemke mpaka ibaki lita 1, hapo una maikrogramu 60 kwenye lita moja. Mvuke umeondoka, urani imebaki. Waterguard, ile dawa ya klorini ya kutibu maji, nayo haigusi kitu hapo, na kwa macho au kwa kuonja hutajua, ni maabara tu.

Inaumiza wapi mwilini?

Watu wanaogopa mionzi kwanza, ila urani ya kwenye maji inaanza na figo, inaumiza vile vimirija vinavyochuja mkojo. Kwa bahati nzuri sehemu kubwa ya urani unayokunywa inatoka na choo kikubwa bila kuingia kwenye damu. Radiamu ndo ya kuogopea mionzi, mwili unaichukulia kama kalsiamu inaenda kukaa kwenye mifupa, kwa hiyo mtoto anayekua yuko kwenye hatari kubwa zaidi.

Sasa wanayasafishaje?

Wanayavuta juu kabla hayajapata njia ya kutorokea, wanayapitisha kwenye matangi yenye punje ndogo ndogo za plastiki maalum ambazo zinanasa urani. Halafu wanatia chokaa iliyokorogwa na maji, ile asidi inaishiwa ukali, na metali nyingine zinagandana zinatua chini kama tope. Kwa radiamu migodi mingi inatumia chumvi ya bariamu, inaishika na kuzama nayo. Maji yakishapimwa yanaachiwa mtoni, kule kwao ni mto Elbe. Lile tope nalo lina sumu, linahitaji sehemu yake ya kulizika inayolindwa miaka yote, na kwangu mimi hapa ndo pa kubana sana kampuni yoyote, manake ukisafisha maji halafu tope ukalitupa bondeni mvua ya kwanza inalirudisha kisimani.

Inachukua muda gani?

Miongo. Königstein walianza kuruhusu maji yapande kidogo kidogo 2001, na mtambo bado unafanya kazi, kwa pesa ya serikali ya Ujerumani.

Kuoga na kufua je?

Urani haipiti kirahisi kwenye ngozi, hofu kubwa ni kunywa, kupikia na kukorogea maziwa ya mtoto. Kama kisima kimekutwa na urani tafuteni chanzo kingine kwa hayo matatu, au chujio la osmosisi geuzi (reverse osmosis, linalosukuma maji kwenye utando wenye vitundu vidogo sana) ambalo linahudumiwa vizuri, likichakaa ukaliacha hivohivo halisaidii.

Nimeyanywa miaka, nifanyeje?

Kwanza acha hayo maji, manake urani iliyoko kwenye damu, sehemu yake kubwa inatoka kwa mkojo ndani ya siku chache. Halafu nenda hospitali mweleze daktari kabisa kwamba unaishi karibu na mgodi wa urani na umekuwa ukinywa maji ya kisima, usiseme tu mgongo unauma, mwambie akupime protini kwenye mkojo na kreatinini (taka ambayo figo zinatakiwa kuichuja) kwenye damu. Na kama una sukari au presha mwambie pia, hizo zinaumiza figo hizo hizo.