Hojaji ya Uchaguzi wa Chakula: Maana Yake na Namna Inavyopima

Hojaji ya uchaguzi wa chakula ni chombo cha utafiti kinachopima uzito ambao mtu mzima huzipa sababu mbalimbali anapoamua ale nini katika siku ya kawaida. Ilitungwa Uingereza na Andrew Steptoe, Tessa Pollard na Jane Wardle, na ikachapishwa mwaka 1995. Lengo lilikuwa kuziweka sababu zote katika kipimo kimoja, ili afya isichunguzwe peke yake kana kwamba bei na ladha hazipo.

Anayejibu husoma maneno ya mwanzo yasemayo kwamba ni muhimu kwake chakula anachokula siku ya kawaida kiwe na sifa fulani, kisha hupewa vipengele 36 vya kuyakamilisha: kiwe rahisi kupika, kisiwe ghali, kinukie vizuri, kimsaidie kukabiliana na msongo wa mawazo, kifanane na alichokula utotoni. Kila kipengele hupewa alama kuanzia 1, yaani si muhimu hata kidogo, hadi 4, yaani muhimu sana.

Vipengele hivyo vimo katika makundi tisa: afya, hali ya moyo, urahisi, mvuto wa ladha na mwonekano, uasilia, bei, udhibiti wa uzito wa mwili, mazoea na maadili. Makundi hayo yalipatikana kwa kuchanganua majibu ya watu wazima 358, wenye umri wa miaka 18 hadi 87, na kuona ni vipengele gani ambavyo majibu yake huelekea kwenda pamoja; kisha mpangilio ukathibitishwa kwa kundi jingine la watu. Kila kundi huwa na wastani wake, kwa hiyo aliyejibu 4, 3 na 4 katika vipengele vitatu vya bei hupata 3.67. Jumla ya vipengele vyote 36 haina maana, kwa kuwa mazoea na bei havijumlishiki.

Jambo ambalo wasomaji wengi wa matokeo hulipita haraka ni kwamba hojaji hii hupima umuhimu anaoutaja mtu, haipimi kilichomo sahanini. Mfanyakazi anaweza kuipa afya alama ya juu na bado akala chipsi kila jioni, naye asiwe amedanganya, kwa sababu urahisi na bei navyo vinamvuta.

Kundi la maadili, kwa maoni yangu, ndilo lenye upungufu mkubwa zaidi, maana linauliza kuhusu nchi chakula kinakotoka na ufungashaji usioharibu mazingira, bila kuitaja dini. Mwaka 2000 Lindeman na Väänänen, watafiti wa Finland, walitunga vipengele vya ziada vinavyoigusa dini. Hata hivyo, kwa Mwislamu wa Mombasa au Zanzibar, uhalali wa nyama ni sharti linalotangulia uchaguzi wenyewe, na ni vigumu kuupima kwa ngazi za 1 hadi 4.

Tena, maswali yanamchukulia anayejibu kuwa ndiye anayejichagulia chakula, ilhali katika kaya nyingi za Afrika Mashariki anayeamua ni mpishi, naye huzingatia watoto, wazee na fedha iliyopo siku hiyo. Mtafiti anaweza kubadili “chakula ninachokula” kuwa “chakula ninachopikia familia”, lakini hapo atakuwa anapima jambo jingine, na alama zake hazitalinganishwa moja kwa moja na zile za utafiti wa awali wa Uingereza.