Beckenbauer: Yanayosemwa Vijiweni na Yaliyotokea Kweli

Mjadala wa mabeki bora wa wakati wote ukianza, jina la Mjerumani Franz Beckenbauer halikosekani. Shida ni kwamba mengi yanayosemwa juu yake hayajakaa sawa.

"Ndiye wa kwanza kutwaa Kombe la Dunia akiwa mchezaji, kisha kocha."

Hapana. Mário Zagallo wa Brazil alimtangulia: alilitwaa kama mchezaji 1958 na 1962, na kama kocha 1970. Beckenbauer alikuwa wa kwanza kulitwaa akiwa nahodha (1974) na baadaye kocha (1990). Didier Deschamps wa Ufaransa alimfikia 2018. Zagallo alifariki Januari 5, 2024, siku mbili tu kabla ya Beckenbauer, na bado anasahaulika.

"Alizaliwa beki, na libero (beki huru wa nyuma kabisa) ni ubunifu wake."

Kombe la Dunia la 1966 alicheza kiungo, akiwa na miaka 20, akafunga mabao manne. Kwenye fainali alipewa kazi ya kumkaba Bobby Charlton, naye Charlton akapewa kazi ya kumkaba yeye. Wakamalizana wenyewe kwa wenyewe. Libero nayo ilikuwepo Italia zamani, ila wa Italia alibaki nyuma kufagia makosa ya wenzake. Beckenbauer alipanda. Alipokea mpira kutoka kwa kipa Sepp Maier, akavuka mstari wa kati kichwa kikiwa juu, akaachia pasi kwa nje ya mguu wa kulia. Wapinzani walibaki njia panda: ukimfuata unaacha nafasi yako, ukimwacha anakuadhibu.

"Marekani alienda kula pensheni."

Alijiunga na klabu ya New York Cosmos 1977 akiwa ndiye mwenye Ballon d'Or ya 1976, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Baadaye alirudi nyumbani, akabeba ubingwa wa Bundesliga na Hamburg 1982.

"Ukocha alibebwa na jina."

Hapa kuna chembe ya ukweli. Mwaka 1984, Ujerumani Magharibi ilipotolewa hatua ya makundi kwenye Euro, Jupp Derwall aliondoka na Beckenbauer akapewa timu bila leseni ya ukocha. Shirikisho lilikwepa kanuni zake lenyewe: likampa cheo cha Teamchef (mkuu wa timu), halafu likamweka Horst Köppel, mwenye leseni, pembeni yake. Jina lilimfungulia mlango, sawa. Lakini jina halikufikishi fainali mbili mfululizo za Kombe la Dunia. Ya 1986 alifungwa na Argentina 3-2 akiwa na kikosi ambacho wengi hawakukipa nafasi. Ya 1990, mjini Roma, aliifunga Argentina hiyo hiyo 1-0, penalti ya Andreas Brehme dakika ya 85. Na kwa wanaosema aliipa kombe Ujerumani iliyoungana: muungano ulikuja Oktoba 3 mwaka huo, fainali ilikuwa Julai 8.

"Mahakama ilimsafisha kuhusu Kombe la Dunia la 2006."

Beckenbauer aliongoza maandalizi ya kombe hilo, lililofanyika Ujerumani. Kesi ya Uswisi dhidi ya maafisa wa soka, iliyohusu malipo yenye utata ya euro milioni 6.7, ilikufa Aprili 2020 kwa sababu muda wa kisheria ulikwisha. Ya Beckenbauer mwenyewe ilikuwa imetenganishwa mapema kutokana na afya yake. Hakutiwa hatiani, wala hakuna mahakama iliyotamka kwamba hana hatia.