Ulimtafsiria mama hospitalini tangu utotoni: namna ya kufika kwenye ukalimani wa kulipwa Marekani

Katika familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Marekani kutoka Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya, mtoto aliyewahi kukishika Kiingereza ndiye anayepokea simu ya mwenye nyumba, anayesoma barua za shule na anayekaa kati ya mama na daktari. Akimaliza sekondari tayari ameifanya kazi hiyo miaka mingi bila malipo. Vijana wengi wa namna hii huniuliza kama wanaweza kuanza kulipwa mara moja. Jibu langu huwa moja: lugha unazo na woga wa ofisi umekutoka, lakini tabia ulizojijengea nyumbani ndizo zitakazokuangusha. Kuziacha ni kazi kubwa kuliko kujifunza istilahi.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayozaa ajira zenyewe. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu ya VI, inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na humo ndimo ulimotoka wajibu wa kumhudumia mtu kwa lugha anayoielewa. Kwa upande wa afya, kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010 kimebana zaidi. Kanuni zake hazimruhusu mtoa huduma kumtumia mtoto wa chini ya miaka 18 kama mkalimani, isipokuwa kwenye dharura ya kutishia maisha au usalama ambapo mkalimani mwenye sifa hapatikani papo hapo. Mgonjwa halipii huduma hiyo. Amri ya rais namba 13166 ya mwaka 2000, iliyozungumzia huduma za lugha, ilifutwa Machi 2025, na watu wengi wakadhani kila kitu kimefutwa nayo. Sivyo. Hizo mbili nilizotaja zilipitishwa na Kongresi na hazikufutwa na tangazo hilo.

Kwa nini mtoto akatazwe? Mwaka 2003 Glenn Flores na wenzake walichapisha katika jarida la Pediatrics uchambuzi wa ziara 13 za watoto kliniki, zilizorekodiwa kati ya Kihispania na Kiingereza. Walikuta makosa 396 ya ukalimani, wastani wa 31 kwa kila ziara. Zaidi ya nusu yalikuwa maneno yaliyoachwa tu, na asilimia 63 ya makosa yote yangeweza kuathiri matibabu. Mmoja wa waliotafsiri alikuwa ndugu wa mgonjwa mwenye miaka 11. Wakalimani wa hospitali nao walikosea, lakini makosa yao yenye hatari yalikuwa asilimia 53, na ya wasio na mafunzo asilimia 77. Hizo namba ziweke kichwani, kwa maana zinaonyesha kasoro ilipo. Tunachodhani ni tatizo la msamiati, kwa sehemu kubwa ni tatizo la kuacha.

Tazama kinachotokea nyumbani. Daktari anaongea sentensi nne: dawa inywewe na chakula, isikatishwe hata ukijisikia nafuu, ukiona vipele piga simu, kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili. Mtoto anageuka: "Mama, amesema unywe hii dawa." Mama anauliza kama dawa ile inadhuru figo. Mtoto anamjibu mwenyewe, bila kumwuliza daktari: "Hapana, walishasema siku ile." Hapo kuna kufupisha na kumjibia, na mara nyingi kuna la tatu ambalo ni zito zaidi: kulainisha habari mbaya ili mzazi asishtuke. Vyote vitatu vinatoka kwenye upendo, na vyote vitatu vinamnyima mgonjwa haki ya kujua. Mkalimani hutafsiri kila kinachosemwa chumbani, pamoja na matusi, maswali ya kijinga, na yale wauguzi wanayosemezana wakidhani hayasikiki.

Kosa moja nalisikia mara kwa mara kwa waliokulia Marekani, nalo ni saa. Lebo ya dawa inasema kidonge kimoja saa 8 asubuhi kwa hesabu ya Kiingereza. Kijana anatafsiri tarakimu: "kidonge kimoja saa nane." Mzee anasikia saa nane mchana, na dozi ya asubuhi inasogea kwa saa sita. Akipangiwa mara mbili kwa siku kwa hesabu hiyohiyo ya saa, dozi zote mbili zinahama. Saa mbili asubuhi ndiyo tafsiri. Ukiwa na shaka, taja na kipindi: "asubuhi, baada ya chai." Kisha mwombe daktari amwambie mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe, nawe uyatafsiri alivyoyasema, hata akikosea. Usimsahihishe wewe. Kosa lake likimfikia daktari, daktari atalirekebisha.

Jambo la pili la kujifunza upya ni nafsi. Nyumbani ulisema "mama anasema kifua kinamuuma." Kazini unasema "kifua kinaniuma," kana kwamba ni wewe. Siku za mwanzo mdomo unakuwa mzito, hasa kwa mwanafunzi wa kiume anayesema "mimba yangu," lakini ndiyo njia ya kuwafanya wawili hao waongee wao kwa wao. Ukitaka kusema jambo lako, kwa mfano kuomba kurudiwa, unajitaja kwa nafsi ya tatu, "mkalimani anaomba daktari arudie kiasi cha dawa," halafu unamwambia na mgonjwa kwamba umeuliza hivyo. Hakuna anayebaki gizani. Simama au kaa ubavuni mwa mgonjwa, nyuma kidogo, macho yako kwenye daftari. Ukikaa katikati, wote watakutazama wewe.

Kabla mazungumzo hayajaanza, jitambulishe kwa pande zote mbili kwa nusu dakika: nitatafsiri kila kinachosemwa, ni siri, tafadhali ongeeni ninyi kwa ninyi, na nikiinua mkono mnipe nafasi. Wanaoruka hatua hii hulipa baadaye, kwa sababu katikati ya mazungumzo mgonjwa atawaambia "hili usimwambie daktari," nao hawatakuwa na pa kushika. Baraza la taifa la ukalimani wa afya, NCIHC, lilitoa kanuni za maadili mwaka 2004 zenye nguzo tisa. Zisome zote, lakini usahihi, usiri na kutopendelea ndizo zitakazokujaribu kila siku.

Mazoezi ni ya kumbukumbu kwanza. Rekodi habari ya redio, sikiliza sekunde 20, zima, irudie kwa lugha ileile bila kuacha kitu. Ukiweza, nenda sekunde 40, kisha ndipo ubadilishe lugha. Daftari lako liandike kwa kushuka, wazo moja kila mstari, na kipaumbele ni vile ambavyo kichwa hakivishiki: namba, tarehe, majina ya dawa, anwani. Kitenzi utakikumbuka, miligramu 250 hutazikumbuka. Karatasi hizo huchanwa kabla hujatoka chumbani. Istilahi zigawe kwa mifumo ya mwili, mfumo mmoja kwa wiki, na kila neno uwe na njia ya kulieleza kwa mgonjwa ambaye hajawahi kulisikia, kwa sababu neno la kamusi ambalo mgonjwa halielewi halijamfikisha popote.

Hapa niseme jambo kuhusu Kiswahili chenyewe, maana linapuuzwa mno. Sehemu kubwa ya wakimbizi wanaohitaji mkalimani wa Kiswahili wametoka mashariki ya Kongo. Mzee wa Uvira au Fizi akisema "bibi yangu" anamaanisha mke wake. Aliyelelewa na wazazi wa Tanzania anatafsiri "grandmother", yaani mama wa mzazi, na historia ya ugonjwa wa familia inaharibika palepale. Mwaka wa kuzaliwa atautaja kwa Kifaransa, kwa hiyo jifunze kuhesabu kwa Kifaransa kuanzia moja hadi elfu mbili; hilo tu linaokoa makosa mengi. Na usidhani kila Mkongo ni Mswahili wa kuzaliwa. Wapo wazee ambao lugha yao ya moyoni ni Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge, na Kiswahili chao ni cha sokoni. Ukiona majibu ni "ndiyo, ndiyo" kwa kila swali, mwambie daktari kwamba mkalimani ana shaka na uelewano. Hiyo si aibu yako. Kukaa kimya ndiko kunakomdhuru mgonjwa.

Sasa vyeti. Kwa afya kuna mamlaka mbili za kitaifa, CCHI na NBCMI. Zote zinataka uwe na miaka 18, cheti cha sekondari au GED (mtihani unaolingana nacho), mafunzo ya ukalimani wa afya yasiyopungua saa 40, na ushahidi wa lugha zote mbili. Kiingereza chako kinathibitishwa na shule uliyosoma. Kiswahili ndicho kinachowatatiza waliokulia Marekani, kwa kuwa hawakukisoma darasani. Njia iliyonyooka ni mahojiano ya lugha ya ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, yanayofanywa kwa simu na kutoa daraja rasmi. Mtihani wa CoreCHI wa CCHI uko kwa Kiingereza na uko wazi kwa wakalimani wa lugha yoyote. Unapima maadili, taratibu na istilahi, haupimi Kiswahili chako hata kidogo. Cheti chao cha juu, CHI, kina mtihani wa mdomo kwa Kihispania, Kiarabu na Kimandarini tu. NBCMI nao wana mtihani wa mdomo kwa lugha sita, Kiswahili hakimo. Kwa lugha nyingine wana cheti kiitwacho Hub-CMI. Ndiyo maana mawakala wengi wa ukalimani hukupigia simu na kukupima Kiswahili wenyewe hata kama una cheti.

Mahakama ni mlango mwingine na ni mgumu zaidi. Kila jimbo lina utaratibu wake. Majimbo mengi hutumia mtihani wa kuandika wa Kituo cha Taifa cha Mahakama za Majimbo, NCSC, wenye maswali 135, na alama ya kupita kwa kawaida ni asilimia 80. Baada yake unakuja mtihani wa mdomo wa sehemu tatu: kusoma hati na kuitamka kwa lugha nyingine papo hapo, kutafsiri kwa kupokezana, na kutafsiri sambamba huku msemaji akiendelea. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayoangusha wengi. Kwa lugha zisizo na mtihani kamili, majimbo mengi hutumia mahojiano ya lugha, kwa hiyo uliza ofisi ya wakalimani ya jimbo lako Kiswahili kimewekwa kundi gani kabla hujalipia chochote. Mahakama za serikali kuu huthibitisha kwa mtihani Kihispania peke yake. Wengine huitwa kwa madaraja mengine mawili yaliyo chini ya uthibitisho.

Ushauri wangu ni kuanza na afya au shule, ukae huko mwaka au miwili, ndipo uende mahakamani. Na usiende moja kwa moja kwenye mahojiano ya watu wanaoomba hifadhi ya ukimbizi. Huko utasema kwa nafsi ya kwanza mambo ambayo huenda familia yako yenyewe iliyapitia, na bila mtu wa kukusikiliza baada ya kazi utaumia.

Kuhusu wazazi wako: acha kuwatafsiria hospitalini mapema. Pigia kliniki kabla ya miadi, omba faili iandikwe "Kiswahili cha Kongo, mkalimani anahitajika," na kama mama anataka mkalimani wa kike, liseme hilo pia. Nenda naye kama mwanawe. Mweleze baba kwamba humkimbii, ila kuna maswali ambayo hatayauliza mbele yako, na daktari anayahitaji. Wazee wengi hupinga mara ya kwanza, kisha wakaona wanaongea kwa uhuru zaidi.

Wastani wa kati wa mshahara wa wakalimani na wafasiri Marekani ulikuwa dola 57,090 kwa mwaka, kwa takwimu za ofisi ya takwimu za kazi za Mei 2023. Namba hiyo isikuhadae. Kazi ya Kiswahili inategemea mji, na wengi huanza kwa vipande. Kazi ya simu hulipwa kwa dakika ulizoongea, si kwa saa ulizokaa ukisubiri. Kazi ya ana kwa ana hulipwa kwa saa, na kiwango cha chini cha saa mbili ni cha kawaida, kwa hiyo kidai kwenye mkataba, pamoja na malipo mgonjwa asipotokea. Kama hupendi maisha ya vipande, lugha hizohizo zina thamani kubwa kwa muuguzi, ofisa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya ya jamii, ilimradi mwajiri akupime lugha rasmi na aiandike kwenye majukumu yako.

Ukilipwa kwa fomu 1099 wewe ni mfanyabiashara, hakuna anayekukata kodi. Faida ikifika dola 400 kwa mwaka unadaiwa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, juu ya kodi ya mapato. Weka kando robo ya kila malipo siku yanapoingia, andika maili za kila safari siku hiyohiyo, na ulipe kwa awamu Aprili, Juni, Septemba na Januari, kwa kawaida tarehe 15. Vijana wengi wazuri wameiacha kazi hii mwaka wa kwanza wakiwa hawajashindwa na chumba cha daktari. Walishindwa na deni la kodi ambalo hakuna nyumbani aliyejua kuwaonya.