Moyo, Gunia la Mahindi na Chembe za Nano

Mavuno yakiisha huko nyumbani, gunia moja au mawili ya mahindi hupakiwa kwenye basi hadi Nairobi, kwa mtoto anayeishi Kayole au Kawangware. Wakati mwingine nafaka hiyo imeshatiwa tembe za kuua wadudu. Chumba ni kimoja, kwa hiyo gunia hukaa kando ya kitanda, na dirisha hufungwa kwa sababu ya baridi ya Julai. Naanzia hapo kwa kuwa wengi wetu tunaogopa sumu ya kunywa, tukaisahau ile inayoingia kwa pumzi.

Tembe hizo huwa ni fosfidi ya alumini. Zikikutana na unyevu, hata ule wa hewani, hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo huua dumuzi na fukusi, na haimchagui binadamu. Huingia kwenye mitokondria, vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu, na kuziba hatua ya mwisho ya matumizi ya oksijeni. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na karibu theluthi ya ujazo wa seli ya msuli wake ni mitokondria. Ndiyo maana huumia vibaya. Nguvu hupungua, molekuli kali za oksijeni hurundikana na kuharibu utando wa seli, mapigo huvurugika na shinikizo la damu hushuka.

Kwa organofosfeti, jamii nyingine ya viuatilifu, daktari ana dawa ya atropini. Kwa fosfini hakuna kiuasumu. Mgonjwa hutegemezwa tu, kwa oksijeni na dawa za kuinua shinikizo, na kwa sisi tunaosomea sumu jambo hili linauma. Watafiti, hasa wa Iran ambako tembe hizi zimeua wengi, wamegeukia chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita, sehemu ya bilioni ya mita.

Unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 hivi. Chembe ya oksidi ya seriamu, ambayo ni metali, inaweza kuwa na nanomita chache tu. Kazi yake ni kufuta zile molekuli kali za oksijeni, kama vitamini C inavyofanya. Vitamini C ni kama karatasi ya shashi: ikishafuta tone, imekwisha. Seriamu ni kama tambara, kwani hupokea elektroni na kuzitoa tena, ikakamuliwa na kurudi kazini. Wengine hutumia chembe za seleniamu, au hupakia ndani ya chembe kurkumini, kiini cha kiungo chetu cha jikoni kiitwacho manjano, ambacho peke yake hakiyeyuki vizuri katika maji.

Kwa panya wa maabara na kwa seli za moyo zilizokuzwa kwenye visahani, chembe hizi zimepunguza madhara ya viuatilifu. Nina matumaini ya kweli na kazi hii. Hata hivyo, majaribio mengi humpa panya kinga kabla ya sumu au mara tu baada yake, ilhali mgonjwa wetu hufika baada ya saa kadhaa, pengine amekwama kwenye msongamano wa Jogoo Road. Tena chembe za metali hujikusanya kwenye ini na wengu, na zikizidi zinaweza kuchochea uharibifu uleule. Kwa hiyo bado si tiba ya hospitalini, na anayekuuzia matone ya nano ya kusafisha sumu mwilini, usinunue.

Gunia lenye tembe lisilale chumbani na watu. Fosfini inaweza kunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini kukosa harufu si ushahidi wa usalama. Mtu akiumwa kichwa, akitapika na kubanwa kifua, mtoeni nje kwanza, kisha hospitali haraka. Msimtapishe wala kumpa maziwa. Bebeni picha ya pakiti ya dawa, mkamwambie daktari mlilala na gunia hilo, maana dalili za mwanzo hufanana sana na za chakula kilichoharibika.