Maana ya hoja ya Maandiko katika tamthilia ya kihistoria

Hoja ya Maandiko katika tamthilia ya kihistoria ni kitendo cha mhusika kuitumia aya ya kitabu kitakatifu ili kuhalalisha dai la kisiasa, liwe la kutwaa kiti cha enzi, kuanzisha vita au kumng'oa mtawala. Haitoshi mhusika kuomba dua au kulitaja jina la Mungu. Lazima pawe na aya, pawe na dai linaloegemezwa juu yake, na pawe na mtu atakayepata au kukosa kitu kulingana na jinsi aya hiyo inavyosomwa. Kwa sababu hiyo, msomaji makini huuliza ni nani anayesoma, anasoma mbele ya nani, na ni maneno gani ameyaruka.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na tamthilia ya Shakespeare ya Henry V, ya mwaka 1599, inalidhihirisha vizuri. Mfalme Henry wa Uingereza anataka kujua kama ana haki ya kuidai Ufaransa kupitia Isabella, mama yake Edward III aliyekuwa baba wa babu yake Henry, ilhali Wafaransa wanashikilia sheria ya Salic inayomnyima mwanamke urithi. Askofu Mkuu wa Canterbury anamjibu kwa Kitabu cha Hesabu: mtu akifa, urithi wake umwendee binti yake. Ukifungua Hesabu 27:8 utakuta sharti ambalo askofu hakulitamka, yaani kwamba marehemu awe hana mwana wa kiume. Baba yake Isabella, Philip IV, aliacha wana watatu, na wote walitawala. Sharti lililorukwa ndilo lenyewe lingeifanya aya isimfae Henry.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Onyesho la kwanza limekwisha kutuonyesha maaskofu wakihofia mswada ambao ungelipokonya Kanisa zaidi ya nusu ya mali yake, na tayari wamemwahidi mfalme fedha nyingi kwa ajili ya vita. Hata hivyo, sidhani kwamba mtunzi anayadharau Maandiko. Anachokichunguza ni mkono unaoyashika, na tofauti hiyo hupotea mara nyingi katika mijadala ya madarasani.

Si lazima hoja hii itoke kwa mwenye nguvu. Katika Richard II, tamthilia nyingine ya Shakespeare, mfalme anayevuliwa taji anawafananisha wanaomwangusha na Yuda na Pilato, na hivyo kugeuza mabadiliko ya utawala kuwa dhambi. Baadaye, akiwa gerezani peke yake, anazipambanisha aya mbili za Injili, ile inayowaita wadogo waje na ile ya ngamia na tundu la sindano, naye hapati pa kutulia.

Hoja ya namna hii husikika katika nyakati mbili, wakati unaoigizwa na wakati wa hadhira. Mnamo Februari 1601, wafuasi wa Earl wa Essex, kabaila wa Kiingereza, walilipia onyesho la tamthilia kuhusu kuangushwa kwa Richard II, na kesho yake Essex akaasi dhidi ya Malkia Elizabeth I. Sehemu ya kuvuliwa taji, ambamo Yuda na Pilato wanatajwa, haikuwamo katika toleo la Richard II la mwaka 1597. Ilichapishwa mwaka 1608, miaka mitano baada ya malkia kufariki.