Kusoma sheria Uholanzi kwa mpango wa kubadilishana: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana nyingi potofu kuhusu mwanafunzi wa sheria anayekwenda Uholanzi zina mzizi mmoja, nao ni kutomtofautisha mwanafunzi wa kubadilishana na mwanafunzi wa shahada. Mwanafunzi wa shahada huomba nafasi mwenyewe, hulipa ada ya chuo cha huko na humaliza akiwa na cheti cha chuo hicho. Mwanafunzi wa kubadilishana huteuliwa na chuo chake cha nyumbani kwa sababu vyuo viwili vimetiliana saini makubaliano. Hubaki amesajiliwa nyumbani, husoma huko muhula mmoja au, mara chache, miwili, kisha hurudi na hati ya matokeo. Anayeishika tofauti hiyo ataona uvumi mwingi unaosikika kwenye korido za vitivo vyetu vya sheria ukianguka wenyewe. Uliobaki ndio ninaotaka kuupitia hapa.

“Ukirudi utakuwa na shahada ya Ulaya, na ukipenda utafanya uwakili huko”

Hutakuwa na shahada yao, kwa sababu hukuisomea. Ama uwakili, hata Mholanzi mwenyewe haupati kwa kusoma kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza. Sheria inamtaka awe na shahada ya kwanza na ya uzamili zenye masomo maalumu ya sheria za Kiholanzi, sifa ambayo wao huiita civiel effect, kisha afanye kazi miaka mitatu chini ya wakili mzoefu huku akihudhuria mafunzo ya taaluma. Mtanzania aliyesoma muhula mmoja Utrecht au Groningen bado atapita Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo kama wenzake, na Mkenya atapita Kenya School of Law.

Anachoweza kurudi nacho ni krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo aliyofaulu, na hata hizo zinahesabika tu ikiwa chuo chake kiliyakubali masomo hayo kabla hajaondoka. Kuna fomu ya makubaliano ya masomo ambayo pande tatu huitia saini: mwanafunzi, chuo kinachomtuma na chuo kinachompokea. Wengi huijaza kama fomu ya hosteli, haraka haraka na bila kusoma. Nimewaona waliorudi na matokeo mazuri wakalazimika kurudia muhula mzima nyumbani kwa sababu somo walilolichukua halikuwa na lingine la kulingana nalo kwenye mtaala wao.

“Lazima ujue Kiholanzi”

Si lazima. Vitivo vya sheria vya Leiden, Amsterdam, Utrecht, Maastricht, Tilburg, Groningen na vinginevyo vina masomo ya Kiingereza ambayo wageni huyachagua: sheria za kimataifa, sheria za Umoja wa Ulaya, haki za binadamu, sheria linganishi, usuluhishi wa migogoro ya biashara. Lakini dhana hii ina chembe ya ukweli. Shahada ya sheria za Kiholanzi zenyewe hufundishwa kwa Kiholanzi, kwa hiyo mgeni huziona sheria hizo kupitia somo moja au mawili ya utangulizi. Na barua za manispaa zitakuja kwa Kiholanzi, ujue lugha au usijue.

“Sheria zao hazituhusu, sisi tunafuata Waingereza”

Hii ndiyo dhana iliyovaa sura ya ukweli kuliko zote, na kwa sababu hiyo inastahili kujadiliwa kwa kirefu. Ni kweli kwamba Tanganyika ilipokea sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Kenya kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na kwamba mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kulitafuta jibu katika hukumu za mahakama za juu. Mholanzi huanzia kwingine. Hufungua kwanza kitabu cha sheria za kiraia, Burgerlijk Wetboek, ambacho sehemu zake kuu kuhusu mali na mikataba ziliandikwa upya na kuanza kutumika mwaka 1992. Husoma ibara, kisha ndipo anapoangalia jinsi mahakama yao ya juu kabisa, Hoge Raad, ilivyoifafanua. Hukumu ya Hoge Raad haizifungi kisheria mahakama za chini kama hukumu ya Mahakama ya Rufani inavyozifunga za kwetu, ingawa kwa vitendo ni nadra kupuuzwa.

Mwanafunzi wetu anayemkumbuka konokono wa ndani ya chupa katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932, iliyo msingi wa sheria ya uzembe ya Waingereza, atakutana huko na mfuniko wa stoo ya chini ya ardhi. Mwaka 1965 Hoge Raad iliamua shauri la mteja wa mkahawa mjini Amsterdam aliyetumbukia kwenye shimo la stoo lililoachwa wazi na mtu aliyekuwa akileta vinywaji. Mahakama ikataja mambo ya kupimwa: uwezekano wa watu kutokuwa makini, uwezekano wa ajali kutokea kwa sababu hiyo, uzito wa madhara yanayoweza kufuata, na ugumu wa kuchukua tahadhari. Yeyote aliyefanya mtihani wa sheria ya madhara nyumbani atayatambua maswali hayo mara moja, ila ataona yamewekwa chini ya ibara moja fupi ya kitabu cha sheria, na si chini ya mnyororo wa kesi.

Katika sheria ya katiba mambo hugeuka zaidi. Mkenya aliyezoea kuona Mahakama Kuu ikitangaza kwamba sheria ya Bunge ni batili kwa kukiuka Katiba ya 2010 hushangaa anaposoma ibara ya 120 ya Katiba ya Uholanzi, inayowakataza majaji kuipima sheria ya Bunge kwa kipimo cha Katiba. Swali la kwanza huwa ni moja: basi raia analindwaje? Jibu liko ibara ya 94, inayoruhusu sheria ya nchi kuwekwa kando pale inapogongana na masharti ya mikataba ya kimataifa yanayomfunga kila mtu. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu unafanya Uholanzi kazi ambayo kwetu hufanywa na sura ya haki ndani ya Katiba. Mkataba huohuo ndio Hoge Raad iliyoutegemea tarehe 20 Desemba 2019, katika kesi ya Urgenda, taasisi ya kutetea mazingira, ilipothibitisha kwamba serikali inapaswa kupunguza hewa chafu kwa asilimia 25 au zaidi ifikapo mwisho wa 2020, ikilinganishwa na kiwango cha 1990. Mtu anayesoma mashauri ya mazingira ya Afrika Mashariki hawezi kuiita hoja hiyo ya kigeni. Na katika kesi za jinai hakuna jopo la raia wala wazee wa baraza. Majaji wa taaluma huamua peke yao, wakitegemea sana jalada lililoandaliwa kabla ya siku ya kusikilizwa.

Kisha kuna bahari. Hugo Grotius, mwanasheria wa Kiholanzi, alizaliwa Delft mwaka 1583 na kuingia Chuo Kikuu cha Leiden akiwa na umri wa miaka 11. Mwaka 1609 alichapisha hoja kwamba bahari haiwezi kumilikiwa na taifa moja, na aliokuwa akiwapinga ni Wareno waliodai kwamba njia za biashara za Bahari ya Hindi ni zao, Wareno walewale walioanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Hakuwa akiwatetea watu wa pwani yetu; alikuwa akiitetea kampuni ya Kiholanzi iliyoiteka meli ya Wareno na kutaka kubaki na mali. Hata hivyo sheria ya bahari tunayoisoma leo imepitia hapo, na tarehe 12 Oktoba 2021 mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya uliamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ndani ya Jumba la Amani mjini The Hague. Kusema sheria za huko hazituhusu ni kusahau ramani.

“Ni muhula wa matembezi”

Tufanye hesabu. Krediti moja ya Uholanzi huhesabiwa kuwa saa 28 za kazi, na muhula kamili una krediti 30. Hizo ni saa 840. Ukizigawa kwa wiki 20 unapata saa 42 kwa wiki, mihadhara ikiwa sehemu ndogo tu. Vyuo vingi huugawa muhula katika vipindi vifupi, kila kimoja na mitihani yake, kwa hiyo mtu aliyezoea kukesha wiki mbili za mwisho hukuta mtihani umeshafika kabla hajapata hata kitambulisho cha maktaba. Na mtihani wa marudio, ule ambao Tanzania tunauita sapu, mara nyingi hupangwa wakati mgeni ameshapanda ndege kurudi kwao.

Kazi kubwa zaidi iko kwenye semina. Kundi huwa dogo, kusoma kabla ya kuja si hiari, na ukimya huhesabiwa kuwa hukusoma. Mimi niliyelelewa kumwamkia mwalimu shikamoo na kusubiri aniruhusu kusema, nilichukua wiki kadhaa kuzoea kumwita profesa kwa jina lake la kwanza, na wiki nyingi zaidi kuamini kwamba aliponiuliza kama nakubaliana na hukumu, alikuwa akitaka kweli nimpinge.

“Ukipata 7 umeporomoka”

Alama za Uholanzi huanzia 1 hadi 10, na kwa kawaida 5.5 ndiyo mpaka wa kufaulu. Saba ni matokeo mazuri. Nane ni ya kujivunia, tisa ni nadra, na kumi katika insha ya sheria wanafunzi wengi hawaioni mpaka wanahitimu. Hatari iko nyumbani, kwa sababu karani akiibadilisha 7 kuwa asilimia 70 bila kuuliza, mwanafunzi aliyekuwa miongoni mwa walioongoza darasa atajikuta na alama ya wastani. Omba kanuni ya kubadilisha alama kwa maandishi kabla ya kuondoka, iambatanishwe na yale makubaliano ya masomo.

“Kila kitu ni bure”, na dada yake: “ni ya watoto wa matajiri tu”

Zote mbili zimekosea. Kinachosamehewa ni ada ya chuo cha Uholanzi. Ada ya nyumbani inaendelea, na tiketi, bima, kodi ya chumba na chakula ni juu ya mwanafunzi au mfadhili wake. Mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya hutoa posho kwa wanafunzi wa nchi zilizo nje ya Ulaya pia, lakini fedha hizo hupitia vyuo vilivyoomba kwa ushirikiano, na si kila makubaliano yana fungu hilo. Swali la kupeleka ofisi ya uhusiano wa kimataifa ni hili: je, makubaliano yetu na chuo kile yana posho, au yana msamaha wa ada tu?

Viza na kibali cha ukaazi huombwa na chuo kinachokupokea, si na wewe moja kwa moja, na idara ya uhamiaji yao, IND, hutaka ushahidi wa fedha za kujikimu zinazozidi euro 1,000 kwa kila mwezi wa kukaa. Raia wa baadhi ya nchi hutakiwa pia kupimwa kifua kikuu baada ya kufika, jambo ambalo halina haja ya kumtisha mtu.

“Nitafanya kazi nijilipie”

Mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi saa 16 kwa wiki, au muda wote katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na mwajiri lazima awe amemwombea kibali cha kazi. Aliyekwenda kwa muhula wa Septemba hadi Januari haioni hata siku moja ya miezi hiyo mitatu. Tena, ukianza kazi unalazimika kujiunga na bima ya afya ya Kiholanzi, ambayo mchango wake unazidi euro 100 kwa mwezi. Sehemu ya mshahara wa kila mwezi huishia hapo.

“Chuo kitanipa chumba”

Vyuo vingine hutenga vyumba kwa wageni wa kubadilishana, lakini havitoshi, na uhaba wa makazi umefikia mahali ambapo vyuo vyenyewe huwaonya wanafunzi wasisafiri kabla ya kupata pa kukaa. Omba siku ileile maombi yanapofunguliwa. Mwenye nyumba anayetaka amana kabla hujaonyeshwa chumba, au anayesema huwezi kuitumia anwani yake kujisajili manispaa, achana naye, kwani bila anwani hupati namba ya utambulisho wa mkazi iitwayo BSN, na bila namba hiyo hata akaunti ya benki ni kazi.

“The Hague ni ya marais walioshtakiwa”

Wakenya wengi waliujua mji huo kupitia mashauri ya Uhuru Kenyatta na William Ruto mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mashtaka dhidi ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na shauri la Ruto likakoma Aprili 2016. Mahakama hiyo, ambayo hushtaki watu binafsi na iko upande wa Scheveningen, siyo ile ya Jumba la Amani inayoamua migogoro kati ya mataifa. Majengo yao yanatofautiana, majaji wanatofautiana na sheria zilizoziunda zinatofautiana, ingawa magazeti yetu huziita zote “mahakama ya The Hague”.

Wala hazijafungwa kwa watu wa kawaida. Kutoka Leiden ni takriban robo saa kwa treni, na vikao vya wazi vya Mahakama ya Jinai vina ukumbi wa wasikilizaji ambao yeyote mwenye kitambulisho anaweza kuingia. Angalia kalenda kwanza, maana kuna wiki zisizo na kikao. Katika kesi ya Thomas Lubanga wa Kongo, ambaye mwaka 2012 alikuwa wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama hiyo, baadhi ya mashahidi kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo, walitoa ushahidi wao kwa Kiswahili, na wakalimani wakaugeuza kuwa Kiingereza na Kifaransa ili majaji waelewe.